Kumsoma Yesu mfululizo, sio vipande vipande

Wengi wetu tunamjua Yesu kwa vipande. Leo mikate mitano na samaki wawili, wiki ijayo mwana mpotevu, Krismasi hori na wachungaji, Pasaka msalaba, halafu tunarudi mwanzo. Kwenye simu ni hivyohivyo, apu inakuletea mstari mmoja asubuhi umewekewa picha ya jua linachomoza, unasema amina unaendelea na mambo yako. Sio vibaya, mi mwenyewe nimekulia humo na mistari niliyokariri utotoni ndo inayonishika mpaka leo siku zikiwa ngumu. Ila mtu ukimjua kwa dakika mbili mbili kuna vitu vyake hutaviona kamwe, na ndo maana nikaamua nisome Injili moja moja, toka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka na bila kuchagua ninapopapenda.

Na kabla mtu hajasema naleta mambo mapya, zile namba za sura na mistari wala hakuziweka Marko au Yohana. Mgawanyo wa sura tulio nao unatajwa kuwa kazi ya Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, huyu ndo baadaye akawa askofu mkuu wa Canterbury kule Uingereza. Namba za mistari ya Agano Jipya tunazozitumia zimekuja 1551 kwa mkono wa Robert Estienne, Mfaransa mwenye kiwanda cha kuchapa vitabu. Kwa hiyo miaka zaidi ya elfu moja na mia nne Wakristo wameishi bila "mstari wa leo". Na wale wa mwanzo kabisa wengi hata hawakuwa wanasoma, walikuwa wanasikiliza, mmoja anasoma kwa sauti wengine wamekaa. Marko yote ukiisoma kwa sauti haimalizi masaa mawili. Kuna mahubiri marefu kuliko hapo jamani.

Nilianza na Marko kwa sababu ndo fupi, sura 16 tu, na wasomi wengi wanaona ndo iliyotangulia kuandikwa, karibu na mwaka 70 baada ya Kristo, kipindi cha vita ya Wayahudi na Warumi. Kanuni niliyojiwekea ni moja: ukiwa kwa Marko, kaa kwa Marko. Usikimbilie kwa Mathayo kuangalia yeye kasemaje, usijaze mapengo. Hii ni ngumu kuliko inavyosikika maana vichwani mwetu tayari tuna Yesu mmoja aliyechanganywa, mamajusi wa Mathayo wamesimama hori moja na wachungaji wa Luka, wakati Marko hana mamajusi wala wachungaji, Marko hana Krismasi kabisa, kwake Yesu anatokea mtu mzima anashuka Yordani kubatizwa basi. Au yale maneno saba ya msalabani tunayoyahubiri Ijumaa Kuu. Hakuna Injili hata moja yenye maneno saba. Luka ana matatu, Yohana ana mengine matatu, na Marko na Mathayo wana lile moja tu, Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha. Ukiyapanga yote saba kwenye mstari lile kali linapoa, kwa sababu mara linafuatwa na "mikononi mwako naiweka roho yangu" na wewe unapumua. Marko hakukupa hiyo nafasi ya kupumua. Kwake Yesu analia lile neno, anatoa sauti kuu, anakata roho.

Hamu ya kuchanganya ni ya zamani sana, sio yetu peke yetu. Kama mwaka 170 hivi, Mkristo mmoja wa huko Siria anaitwa Tatian alizishona Injili zote nne zikawa simulizi moja iliyonyooka, na makanisa ya Kisiria yaliitumia kwa vizazi. Mpaka karne ya 5 askofu Theodoret wa Cyrrhus akakuta nakala zaidi ya 200 kwenye makanisa ya eneo lake, akazikusanya akaziondoa, akarudisha Injili nne zikiwa nne. Namuelewa Tatian kwa kweli, simulizi moja ni rahisi kufundisha. Lakini kwa hili niko na askofu.

Sasa niingie kwenye kilichonifanya niandike. Mikate.

Kila mtu anajua kuwa watu elfu tano walilishwa. Ila kisome palepale kilipo, Marko sura ya 6, uangalie kimetanguliwa na nini. Kimetanguliwa na sherehe ya kuzaliwa ya Herode Antipa, mtawala wa Galilaya. Kaalika wakuu wake, majemadari, na wenye vyeo wa Galilaya, binti anacheza, Herode anaropoka kiapo mbele ya wageni kwamba atampa chochote atakachoomba, binti anaomba kichwa cha Yohana Mbatizaji, na ikifika muda wa kurudi nyuma aibu ya wageni inamshinda, basi kichwa kinaingia ukumbini kimewekwa kwenye sinia. Kwenye sinia, katikati ya watu wanaokula! Wanafunzi wa Yohana wanakuja kuuchukua mwili wakauzike. Na mstari unaofuata, palepale, wale kumi na wawili wanarudi kutoka walikotumwa, wamechoka, watu wanaingia na kutoka hata muda wa kula hawana, Yesu anawaambia twendeni pembeni mahali pasipo na watu mpumzike kidogo. Wanapanda chombo, watu wanawaona, wanakimbia kwa miguu wanafika kabla yao. Hapo ndo inaandaliwa karamu ya pili, nyikani, hakuna ukumbi hakuna jemadari, watu wanaketishwa vikundi vikundi, mia mia na hamsini hamsini, kwenye majani mabichi. Hilo la majani mabichi analitaja Marko, na sehemu zile majani hayakai mabichi mwaka mzima, ni baada ya mvua kabla jua halijayamaliza (nimemchungulia Yohana hapa mara moja tu, yeye anasema Pasaka ilikuwa karibu, na Pasaka ni majira hayohayo).

Karamu mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu. Moja ina mfalme na mwisho wake ni maiti, ingine ina mtu anayewahurumia watu kwa sababu wamekuwa kama kondoo wasio na mchungaji na mwisho wake wote wameshiba na vikapu kumi na viwili vimebaki. Marko haongezi neno, haandiki "angalieni tofauti", anaziweka tu pamoja anaondoka zake. Na mi nimeisikia hiyo miujiza ya mikate maisha yangu yote bila kuiona sherehe iliyo mlango wa pili, kwa sababu huwa inasomwa siku ingine.

Halafu mkate hauishi hapo. Sura ya 7 inaanza na ugomvi wa wanafunzi kula mikate bila kunawa, na ikitoka hapo Yesu anaenda mpaka upande wa Tiro, nje ya nchi ya Wayahudi, anaingia kwenye nyumba anataka mtu asijue yuko hapo, haiwezekani. Anakuja mama Msirofoinike, binti yake ana pepo. Na Yesu anamjibu lile jibu, waache watoto washibe kwanza, sio vizuri kuchukua chakula cha watoto ukawatupia mbwa. Hiki kipande kimenisumbua na bado. Maelezo yapo mengi, kwamba alikuwa anampima imani, kwamba ni vimbwa vya nyumbani sio mbwa koko, sawa, lakini bado ukali wake hauishi kwa maelezo. Ninachokiona mimi ni kwamba mama hakuondoka. Akasema ndiyo Bwana, lakini hata mbwa walio chini ya meza wanakula makombo ya watoto. Na Yesu akamwambia, kwa sababu ya neno hilo, nenda zako, pepo amemtoka binti yako. Kwa Marko viongozi wa dini wanakuja na hoja zao moja baada ya ingine na kila mara wanaondoka wamefungwa mdomo, sasa mwenye hoja iliyoshika ni mama wa kigeni ambaye hata jina hajapewa.

Na baada ya makombo kinakuja nini? Yesu anapitia Sidoni anazunguka mpaka pande za Dekapoli, bado yuko upande wa mataifa kwa jinsi Marko anavyosimulia, na hapo ndo wanalishwa wale elfu nne, mikate saba, vikapu saba vinabaki. Zamani nilikuwa najiuliza kwanini muujiza mmoja umewekwa mara mbili, nikadhani labda ni habari moja imerudiwa tu kwa namba tofauti. Ukiisoma mfululizo swali linapotea. Kwanza wameshiba watoto, halafu mama kaomba makombo, halafu na walio chini ya meza nao wamewekewa mkate mzima.

Kisha ndo inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye Marko, na sijawahi kusikia mtu akiihubiri. Wako kwenye chombo, wamesahau kuchukua mikate, mle ndani kuna mkate mmoja tu. Mwaka 1986 maji ya ziwa la Galilaya yalipopungua kwa ukame ilipatikana mashua ya karne ya kwanza imezama kwenye tope karibu na Ginosar, ina urefu wa mita 8 na kidogo, upana mita 2 na kidogo. Nikisoma sura ya 8 ndo mashua ninayoiona, wanaume wazima wamebanana humo na mkate mmoja. Yesu anawaambia jihadharini na chachu ya Mafarisayo na chachu ya Herode (Herode! yule wa sherehe) na wao wanaanza kunong'onezana, anasema hivyo kwa sababu hatuna mikate. Basi anawahoji kama mwalimu wa hesabu. Nilipovunja mitano kwa watu elfu tano mliokota vikapu vingapi? Kumi na viwili. Na ile saba kwa elfu nne? Saba. Majibu yote wamepata. Akawauliza, hamjafahamu bado? Na Marko anakata hapo, hakuna jibu, wanashuka Bethsaida. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, maana namba hizo na mimi nazijua tangu shule ya Jumapili.

Bethsaida analetwa kipofu. Na huyu ndo mtu pekee kwenye Injili zote ambaye anaponywa kwa awamu. Yesu anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, anamuuliza unaona kitu? Anasema naona watu, nawaona kama miti, wanatembea. Anawekewa mikono mara ya pili ndo anaona vizuri. Mathayo na Luka hawana kabisa hii habari, na kipande hiki kikisomwa peke yake watu wanapata shida nacho, eti kwanini mara ya kwanza haikutosha. Lakini angalia kinachofuata. Wanaenda vijiji vya Kaisaria Filipi, huko juu chini ya mlima Hermoni, Yesu anauliza ninyi mnasema mimi ni nani, Petro anajibu wewe ndiwe Kristo. Jibu sahihi. Dakika hiyohiyo Yesu anaanza kusema habari ya kukataliwa na kuuawa, na Petro anamchukua pembeni anamkemea. Petro anaona, ila anaona watu kama miti.

Kuanzia hapo wako njiani kwenda Yerusalemu na Marko anarudia mpangilio uleule mara tatu. Sura ya 8 Yesu anasema atauawa, Petro anamkemea. Sura ya 9 anasema tena, na wao njiani wanabishana nani mkubwa, wakifika Kapernaumu anawauliza mlikuwa mnabishania nini wananyamaza kimya. Sura ya 10 anasema mara ya tatu, safari hii kwa undani, watamdhihaki watamtemea mate watampiga, na hajamaliza vizuri Yakobo na Yohana wanasogea: Mwalimu tunataka utufanyie lolote tutakaloomba. Mathayo anasema aliyeomba ni mama yao, labda aliwaonea huruma. Marko hana huruma, kwake wameomba wenyewe.

Sasa hapa ndo pa kukaa. Yesu anawauliza, mnataka niwafanyie nini? Wanataka mmoja akae kulia na mwingine kushoto katika utukufu wake. Mistari kumi na kitu baadaye wanatoka Yeriko, yupo kipofu Bartimayo kando ya njia anapiga kelele, watu wanamnyamazisha, anazidisha, Yesu anasimama anasema mwiteni. Na swali analomuuliza ni lilelile, unataka nikufanyie nini? Mitume wawili na ombaomba mmoja, sura moja, swali moja. Wale wenye macho wameomba viti. Kipofu ameomba kuona. Na usipite haraka kile kitendo chake cha kutupa vazi alipoitwa, kwa sababu sura hiyohiyo, juu kidogo, yuko tajiri aliyeitwa naye na akaondoka kwa huzuni maana alikuwa na mali nyingi. Bartimayo akapata kuona, akamfuata Yesu njiani, na njia hiyo kutoka Yeriko ni kupanda tu, kama mita elfu moja za mwinuko mpaka Yerusalemu, huko kwenye msalaba.

Kipofu Bethsaida mwanzoni, kipofu Yeriko mwishoni, na katikati wanafunzi wenye macho yao mawili. Aliyepanga hivi alijua anachofanya. Ndo maana huwa sikubali mtu akisema Marko ni muhtasari tu wa Mathayo au kwamba aliandika vurugu vurugu.

Viti vya kulia na kushoto vinarudi. Sura ya 15 Marko anasema pamoja naye walisulubiwa wanyang'anyi wawili, mmoja mkono wake wa kulia na mmoja kushoto. Nilipofika hapo ilibidi nirudi sura ya 10 kusoma tena alichowajibu wale ndugu wawili: hamjui mnaloliomba. Na kukaa kulia kwangu na kushoto sio langu kuwapa, ni la wale waliowekewa tayari. Sijui nilikuwa naisomaje hii sentensi miaka yote. Yakobo na Yohana wenyewe siku ile hawapo, wote walikimbia usiku wa bustanini.

Waliokuwepo ni watu wa pembeni. Simoni Mkirene anatoka mashamba anapita zake, anakamatwa abebe msalaba, na Marko anaongeza kidogo tu, baba yao Iskanda na Rufo. Mathayo na Luka wanamtaja Simoni lakini watoto hawawataji. Marko anawataja bila kueleza ni akina nani, kama mtu anayeongea na watu wanaowafahamu vijana hao. Na wanawake wanaangalia kwa mbali, hapo ndo Marko anatuambia kwa mara ya kwanza kwamba walikuwa wanamfuata na kumhudumia tangu Galilaya. Sura ya 15! Wamekuwepo muda wote na hakusema.

Kuhusu mwisho, nakala mbili za zamani kabisa zenye sura hii, za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zinaishia 16:8, wanawake wanatoka kaburini wanakimbia, hawamwambii mtu neno, kwa maana waliogopa. Mistari 12 inayofuata kwenye Biblia zetu haimo humo, na tafsiri nyingi za siku hizi zimeiwekea mabano au maelezo. Najua kuna wanaoudhika na habari hii. Mi naipenda Marko ikiisha pale, inaniacha na kazi ya kufanya, mwenye kuudhika tutaongea.

Kwa sasa nimehamia kwa Luka, na nilitegemea itakuwa raha kwa sababu ndo Injili ya mifano mizuri mizuri, Msamaria mwema na mwana mpotevu na wenzao. Nimekwama sura ya 8 hata kabla ya hiyo mifano, kwenye mistari mitatu ya kwanza. Luka yeye hakusubiri msalaba kuwataja wanawake, anawataja mapema na majina yao: Mariamu Magdalene, Susana, na Joana mke wa Kuza, wakili wake Herode, na wengine wengi, waliokuwa wanawahudumia kwa mali zao. Soma tena cheo cha Kuza. Mume ndo msimamizi wa mali ya Herode, huyohuyo aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji, na mke anazunguka Galilaya akitoa hela kumlisha Yesu na watu wake. Joana huyuhuyo namuona tena sura ya 24, asubuhi ya kaburini, anawapelekea mitume habari na wao wanaona ni upuuzi. Katikati ya sura hizo mbili kuna Herode aliyefurahi sana alipoletewa Yesu amefungwa, na hilo analisimulia Luka peke yake, kwa hiyo nimerudi mwanzo wa Luka na kalamu, natia alama kila mahali jina la Herode linapotokea.